Kuzalisha samaki wanaomwaga mayai: niliyojifunza katika nchi ya majani chai



Niliwahi kutaja hapa, kwa kupita tu, kwamba miaka niliyofanya kazi Kericho nilikuwa nikizalisha samaki wa mapambo sebuleni kwangu. Tangu siku hiyo maswali hayajakatika. Yametoka Kisauni, yametoka Malindi, na moja limetoka kwa ndugu yetu aliyeko Muscat. Karibu wote wanauliza jambo moja: samaki wametaga, mayai nimeyaona kwa macho yangu, jioni hayapo. Yamekwenda wapi?

Jibu fupi ni kwamba wazazi wameyala. Jibu refu ndiyo makala ya leo. Ichape au uihifadhi, kwani nimejaribu kuipanga ili ukirudi kutafuta jambo moja ulipate bila kusoma yote.

Samaki tunaowazungumzia

Samaki wa tangini wanazaa kwa njia mbalimbali. Wako wanaozaa vitoto vinavyoogelea papo hapo, kama gapi. Wako wanaojenga kiota au kubeba mayai mdomoni, kama jamaa wengi wa ngege na sato. Na wako wanaomwaga mayai: jike anayaachia majini, dume aliye ubavuni anayarutubisha, kisha kila mmoja anaendelea na safari yake. Hakuna kiota wala ulinzi. Yai linaanguka linakoanguka, na mzazi akilikuta dakika tano baadaye hulimeza kama chakula kingine chochote.

Katika kundi hili wamo danio, bab wa aina nyingi, tetra wengi, na hata samaki wa dhahabu. Kwa anayeanza, namshauri danio pundamilia, yule mdogo mwenye mistari ya buluu kutoka kichwani hadi mkiani. Asili yake ni mito na mabonde ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh, na alielezwa kitaalamu na Francis Hamilton mwaka 1822. Hazidi sana sentimita nne, ni mgumu, hachagui chakula, na hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Wanasayansi wa dunia nzima humfuga kwenye maabara kwa sababu yai lake ni angavu: ukiwa na lenzi unaona moyo ukianza kupiga ndani yake. Jike mmoja aliyelishwa vizuri huweza kumwaga mayai mia mbili au zaidi kwa asubuhi moja. Kwa hiyo ukipoteza uzao mmoja, usilie. Subiri wiki moja au siku kumi, atataga tena.

Kwa nini Kericho

Nilihamia Kericho na familia kwa sababu ya kazi. Sisi ni watu wa Mombasa, tumezoea joto na upepo wa bahari. Kule tulikuta mji ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua karibu kila alasiri, na chai hadi upeo wa macho, kuanzia Kericho yenyewe, kupita Litein hadi upande wa Bomet na Sotik. Kifungua mimba wangu alikuwa na umri wa miaka minane na alikuwa akiililia bahari. Nikamnunulia tangi la kioo la lita sitini na danio wanane. Ndivyo ilivyoanza.

Nilidhani nitafuga kama tulivyokuwa tukifuga nyumbani. Nilikosea katika mambo matatu, na mambo hayo matatu ndiyo somo lenyewe kwa yeyote aliye kule juu.

La kwanza ni baridi. Usiku wa Kericho hushuka hadi nyuzi kumi na kitu. Maji ya tangi yasiyopashwa moto yatakuwa nyuzi kumi na saba au kumi na nane ikifika alfajiri. Danio ataishi katika maji hayo, lakini hatataga vizuri, na hata akitaga mayai yataanguliwa kwa kuchelewa huku ukungu ukiyawahi. Unahitaji hita yenye kidhibiti na kipimajoto cha kuaminika. Lenga nyuzi 25 au 26 wakati wa kutaga.

La pili ni hewa. Hili hakuna aliyenieleza; nililigundua nilipoona samaki wakipumua juujuu ilhali maji ni safi. Kule juu hewa ni nyepesi, na mgandamizo wake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Maji nayo hushika oksijeni kidogo kwa kiasi hicho hicho. Maji ya nyuzi 25 hapa Mombasa yanaweza kubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Maji ya joto hilo hilo Kericho yanabeba kama 6 na nusu. Kijito cha kule kina oksijeni ya kutosha kwa sababu ni baridi na kinarukaruka juu ya mawe. Wewe umeyapasha moto na kuyatuliza, umeyapunguzia mara mbili. Kwa hiyo pampu ya hewa ni lazima, na usijaze samaki wengi kama unavyojaza pwani.

La tatu ni maji yenyewe, na hapa Kericho inatushinda sisi. Mvua na vijito vinavyotoka msitu wa Mau vina madini machache sana. Ni maji laini. Sabuni inatoa povu kwa tone moja. Samaki wengi wanaomwaga mayai, hasa tetra na bab wa misituni, wanapenda maji ya namna hiyo, na mayai yao huangulika vizuri zaidi humo. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na mara nyingi yana chumvi. Danio hajali sana. Wengine wanajali.

Tangi la kutagia

Usizalishe katika tangi la sebuleni. Tafuta tangi dogo la lita kumi hadi ishirini, liwe la kioo au hata beseni la plastiki lililo angavu na halijawahi kuwekwa dawa. Fuata mpangilio huu.

Maji yawe na kina kifupi, sentimita kumi hadi kumi na tano. Yai likianguka safari fupi, mzazi hapati muda wa kulinyakua.

Chini panga gololi za watoto, tabaka mbili, zilizooshwa na kuchemshwa. Mayai ya danio hayanati. Yanatumbukia kati ya gololi na mdomo wa mzazi haufiki. Ukikosa gololi, tandika wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita tatu hivi, uinuliwe sentimita mbili kutoka chini.

Kwa bab, ambao mayai yao hunata kwenye majani, tumia usumba. Chukua nyuzi za makumbi ya nazi, zichemshe mara tatu au nne hadi maji yasitoke rangi, zifunge kama ufagio mdogo na uzitundike ndani. Mama watoto alicheka aliponiona nimebeba makumbi kwenye basi kutoka Mombasa hadi Kericho, lakini hakuna nilichonunua dukani kilichofanya kazi kuliko hayo.

Jambo jingine tulilo nalo pwani na watu wa bara wanalinunua kwa bei ni majani ya mkungu. Jani moja lililokauka lenyewe na kuanguka, likioshwa vizuri, hutia maji rangi ya chai hafifu, huyapunguzia ukali na husaidia kuzuia ukungu. Wafugaji wa Asia na Ulaya hulitumia sana. Sisi tunalifagia na kulichoma.

Maji ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana, ukiyapuliza hewa, kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua ni mazuri, lakini mvua ya kwanza iache ioshe mabati; kinga baada ya robo saa. Maji ya kijito kinachopita chini ya shamba usiyatumie, kwani mbolea huteremka humo baada ya mvua kubwa.

Kichujio kiwe cha sponji, kinachosukumwa polepole na pampu ya hewa. Kichujio chenye nguvu kitavuta mayai na vifaranga. Sponji hiyo iwe imekaa kwenye tangi kubwa kwa wiki kadhaa kabla, ili iwe imeota bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki. Sponji mpya ni kitambaa tu.

Kuwaandaa wazazi

Kwanza wajue. Dume la danio ni jembamba, na weupe ulio kati ya mistari yake una rangi ya dhahabu kidogo. Jike ni mnene tumboni na weupe wake ni wa fedha. Tofauti inaonekana vizuri wakiwa wameshiba.

Watenganishe kwa wiki moja. Wape chakula kilicho hai mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo: viluwiluwi vya mbu, au nyungunyungu waliokatwa vipande vidogo sana na kuoshwa. Chakula cha pakiti peke yake hutoa mayai machache na dhaifu.

Nina onyo kuhusu viluwiluwi. Ukiweka ndoo ya maji uani ili mbu watage, umefungua kiwanda cha mbu. Sisi wa Mombasa tunaijua homa ya dengi, na mbu wake anapenda ndoo safi kama hiyo. Kericho nako si salama. Historia ya milipuko ya malaria katika mashamba ya chai ni ndefu. Vuna kila siku, na usiache maji hayo zaidi ya siku tano. Ukishindwa kukumbuka, usianze.

Asubuhi ya kutaga

Jioni, baada ya magharibi, watie katika tangi la kutagia: jike mmoja kwa madume mawili. Funika tangi kwa kitambaa ili liwe giza. Danio hutaga mwanga wa kwanza unapoingia. Mimi nilikuwa nikiondoa kitambaa nikitoka kuswali alfajiri, nakaa na kikombe cha chai ya maziwa, na kabla sijakimaliza madume yameanza kumfukuza jike huku na huku. Wanabanana ubavu kwa ubavu, wanatetemeka mara moja, na hapo unaona vitone angavu vikianguka, ukubwa wa kama milimita moja.

Shughuli huchukua saa moja hadi mbili. Ikiisha, watoe wazazi wote. Hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu: mnasema acha wapumzike hadi jioni. Hawapumziki. Wanatafuta mayai.

Kama hawakutaga siku ya kwanza, waache siku ya pili. Hapo toa robo ya maji na uongeze maji ya mvua yaliyo baridi kidogo, nyuzi mbili tatu chini. Wanaona kama mvua imenyesha mtoni, nao huitikia. Siku ya tatu bila mayai, warudishe wakale wiki nyingine.

Mayai na vifaranga

Mayai mazima hubaki angavu. Yaliyokufa hugeuka meupe ndani ya siku moja, na ukungu unaanzia hapo kisha unaenda kwa majirani. Yanyonye moja moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Matone machache ya dawa ya bluu ya methilini, hadi maji yawe ya samawati hafifu, yanasaidia.

Kwa nyuzi 26 hadi 28 mayai ya danio huangulika kwa siku mbili au tatu. Maji yakiwa baridi, ongeza siku. Kiumbe kinachotoka kinafanana na kipande cha uzi chenye macho mawili. Kwa siku mbili hadi nne hujinata kwenye kioo au kwenye mmea, hakili, kinatumia kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Usimpe chochote. Chakula utakachotia sasa kitaoza na kumuua.

Akianza kuogelea akiwa amelala sawa majini, hapo saa ya kula imefika, na hana subira. Bila chakula atakufa kwa siku mbili tatu. Mdomo wake ni mdogo mno hata kwa unga wa chakula. Anataka viumbe hai visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa infusoria, na unavizalisha mwenyewe. Chukua chupa ya maji yaliyotoka kwenye tangi la zamani, tia kipande cha ganda la ndizi mbivu au nyasi kavu, weka penye mwanga. Pwani kwa siku tatu hadi nne, Kericho kwa wiki, maji yatachafuka kisha yataanza kung'aa tena. Yakisha kung'aa, viumbe vimejaa. Toa kijiko kimoja au viwili mara tatu kwa siku. Yakinuka vibaya, mwaga uanze upya. Anza chupa hiyo siku nne au tano kabla ya samaki kutaga, na Kericho uanze mapema zaidi. Ukianza siku ya kutaga umechelewa.

Baada ya wiki moja hivi wanaweza kula vitoto vya atemia, vidudu vya maji ya chumvi vinavyouzwa kama mayai makavu ndani ya kopo. Wengi hatujui kwamba atemia wapo hapa hapa kwetu: walipandwa katika mabwawa ya chumvi ya Magarini, huko Gongoni na Fundisa, katika miaka ya 1980. Unayaangua kwa maji ya chumvi na hewa kwa siku moja hadi mbili, unayasuuza, unawalisha vifaranga. Utaona matumbo yao yakigeuka rangi ya chungwa, na hapo moyo unatulia.

Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, likichujwa kwa kitambaa, linaweza kukuokoa ukikosa vyote. Lakini ncha ya kijiti cha meno inatosha. Nimewahi kutia nusu kijiko nikawazika vifaranga mia na hamsini siku ya pili yake.

Badilisha sehemu ya kumi ya maji kila siku kwa mpira mwembamba uliofungwa kitambaa mdomoni. Maji mapya yawe na joto lile lile. Nawa mikono kwanza, na nawa kwa maji matupu. Mafuta, marashi na sabuni vinaua. Chumba chenye tangi kisipulizwe dawa ya mbu, na ukifukiza udi, izime pampu au uihamishe, kwani pampu inavuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini.

Usiku stima ilipopotea

Nilipata uzao wangu wa kwanza wa maana mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali. Nilikuwa na vifaranga kama mia mbili wa siku sita. Saa tatu usiku stima ikapotea na haikurudi hadi kesho yake adhuhuri. Kipimajoto kilishuka nyuzi moja, kisha nyingine. Mwanangu alikuwa amekaa mbele ya tangi na tochi.

Nikafikiria kuleta jiko la makaa ndani. Jirani yangu, mzee wa Kikipsigis aliyestaafu kutoka shamba la chai, alikuja kuomba kiberiti akaniona nimelishika mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, hilo jiko huku kwetu linazika watu kila msimu wa baridi. Acha samaki wafe." Mimi si mwalimu, lakini aliniita hivyo kwa heshima. Alinifaa. Moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa hauna harufu ya kukuamsha. Nasisitiza kwa wote mlio bara: jiko lisiingie chumba mnacholala, kwa sababu ya samaki wala ya kitu kingine.

Tulichofanya ni hiki. Tulilifunga tangi kwa blanketi pande zote na juu, tukaacha tundu dogo. Tukachemsha maji kwa gesi jikoni, tukajaza chupa za plastiki, tukazielea ndani ya tangi moja moja, tukizibadilisha kila saa. Usimwage maji ya moto ndani. Kwa kuwa pampu ilikuwa imezimika, mwanangu alichota maji kwa kikombe na kuyamwaga taratibu kutoka juu kila baada ya robo saa, ili yapate hewa. Tulipokezana hadi asubuhi. Waliobaki hai walikuwa kama themanini. Kwangu mimi hao themanini walikuwa wengi.

Tangu hapo nilinunua pampu ndogo ya betri na kulibandika tangi maboksi ya povu pande tatu. Vitu hivi vinunuliwe kabla ya samaki.

Wa ziada wanakwenda wapi

Miezi mitatu baadaye sebule ilijaa. Mwanangu akaja na wazo lake: tuwapeleke kwenye kijito kilicho nyuma ya mashamba, waishi kwa uhuru. Nilikaribia kukubali. Mzee jirani akatuchukua Jumamosi moja hadi kwenye kijito hicho, akatuonyesha kwenye kidimbwi chenye kivuli samaki wadogo wa rangi ya fedha, wengi, wakicheza juu ya changarawe. Akasema alipokuwa mtoto walikuwa kila mahali, na sasa lazima uwatafute.

Wale ni bab wa kienyeji, wa kundi ambalo wataalamu huliita Enteromius. Wajaluo kule ziwani huwaita adel. Nao ni wamwaga mayai. Nikaona pale mtoni kitu kile kile nilichokuwa nacho sebuleni. Changarawe ndiyo gololi zao: yai linaingia kati ya mawe, mdomo haulifikii, na maji yanayopita yanalipa hewa. Lakini msitu wa Mau ukikatwa na kingo zikilimwa hadi majini, mvua inaleta tope, tope linaziba nafasi kati ya mawe, na yai linakosa pumzi. Hakuna aliyevua hata samaki mmoja, ila uzao umekwisha.

Mito ile haiishii pale. Itare, Chemosit na Kipsonoi inakutana kuwa mto Sondu, ambao chini unaitwa Miriu na kumwaga Ziwa Victoria. Nyangores inapita mjini Bomet, inakuwa Mara. Katika mito hiyo ningu, samaki mkubwa wa jamii hiyo hiyo, alizoea kupanda kutoka ziwani kwa maelfu mvua zikianza, ili amwage mayai huko juu. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimkuta njiani na tumbo lake limejaa, na leo ni wachache mno. Kisha kuna samaki wa kuletwa. Trauti waliletwa Kenya kuanzia 1905 kwa starehe ya wavuvi wa Kizungu na wakapandwa katika vijito vya baridi. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na sote tunajua aliyoyafanya kwa samaki wadogo wa mle.

Danio wangu pengine baridi ingewaua. Lakini wangeweza kubeba magonjwa na vimelea kabla ya kufa. Na aliye sehemu ya joto, kama hapa pwani, hawezi kujifariji kwa baridi. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 haimruhusu mtu kupanda samaki wageni majini bila idhini, na iko sawa. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: kijito unachokiona kidogo ndiyo dunia nzima ya wale bab.

Tuliwagawa danio. Shule moja ilichukua ishirini kwa somo la sayansi, wenzangu wa kazini wakachukua wengine, na waliobaki tukawauza kwa duka la Nakuru. Anayewazia biashara nimwambie wazi: anza kwa tangi moja, na kabla ya kuzalisha muulize mwenye duka anataka aina gani na ukubwa gani. Danio ni rahisi, na kwa sababu hiyo bei yake si kubwa. Usikope fedha kwa ajili yake.

Kwa ulioko pwani

Kwako hita si lazima; maji yako ni nyuzi 27 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Shida yako ni joto kupita kiasi na maji magumu. Weka tangi mbali na dirisha la jua, changanya maji ya mvua nusu kwa nusu, tia jani la mkungu, na pampu isizimwe Januari hadi Machi. Kila kitu kitakwenda haraka kwako: mayai siku mbili, infusoria siku tatu, na pia uchafu kuoza.

Na yule aliyeuliza kuhusu samaki wa rangi wanaotokea kwenye madimbwi ya mvua Kwale na Kilifi, ambao mayai yao hukaa kwenye tope kavu hadi mvua nyingine, hao njia yao ni tofauti kabisa. Tutawazungumzia siku nyingine, inshallah. Kwa sasa usiwachote. Madimbwi yao yanafukiwa kwa ujenzi na si mengi yaliyobaki.

Mwanangu sasa ni kijana, tumesharudi Mombasa, na tangi bado liko sebuleni. Kila alfajiri ya Jumamosi kitambaa huondolewa na mmoja wetu. Ukijaribu na ukashindwa, niandikie useme nyuzi za maji, kina cha tangi, na saa uliyowatoa wazazi. Mara nyingi kosa liko katika moja ya hayo matatu.

Wabillahi tawfiq.